Saa Zisizoandikwa: Ukweli wa Tawasifu za Maeskoti

Waandishi wenzangu, wahariri, na ninyi wasomaji mliofika, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie vitabu ambavyo watu wengi huvisoma huku wameficha jalada. Ni tawasifu za maeskoti, wanawake kwa wanaume waliouza muda wao na ukaribu wa miili yao kwa miadi, kwa saa au kwa usiku kucha, kisha wakaketi wakaandika. Swali nililoletewa ni hili: vitabu hivi vinasema kweli kiasi gani? Kazi yangu ni kuhariri habari za maisha ya watu, na nitajibu bila kuzunguka. Mengi yaliyomo ni kweli. Upotoshaji mkubwa umo katika yale ambayo hayakuandikwa, na hayo hayakuachwa kwa kusahau. Karibu kila pengo katika vitabu hivi lina mtu aliyelitaka liwepo: mchapishaji, mwanasheria, mteja, na wakati mwingine mwandishi mwenyewe anayejilinda.

Hakuna aliyelidhihirisha jambo hili kama Harriette Wilson. Huyu alikuwa mwanamke wa London, mwanzoni mwa karne ya 19, aliyeishi kwa kutunzwa na mabwana wa tabaka la juu kabisa la Uingereza. Aliahidiwa posho ya kila mwaka, na posho haikuja kama ilivyoahidiwa. Mwaka 1825 akatoa kumbukumbu zake. Mchapishaji wake, John Joseph Stockdale, alikitoa kitabu kwa vipande, na huku vipande vikiendelea kutoka, wahusika wakawa wanaandikiwa barua: lipa pauni 20 kwa mwaka, au pauni 200 kwa mkupuo, na jina lako litafutwa. Inasimuliwa kwamba Duke wa Wellington, jemadari aliyemshinda Napoleon, alijibu wachapishe na walaaniwe. Yeye yumo kitabuni. Waliolipa hawamo.

Fikirini maana ya jambo hilo kwa msomaji. Kimya cha kitabu kile kilikuwa na bei iliyojulikana. Funika kombe mwanaharamu apite, kwa pauni 200. Hata hivyo kitabu hakikuwa uzushi. Walter Scott, mwandishi wa riwaya wa Uskoti ambaye aliwahi kuketi na Wilson kwenye chakula cha usiku, aliandika katika shajara yake kwamba mazungumzo yaliyomo yanaiga sawasawa namna ya kusema ya wale anaowajua yeye. Basi tuna sauti za kweli, na tuna orodha ya wanaume iliyochujwa kwa fedha, vyote ndani ya jalada moja. Na kuna sentensi ya kwanza ya kitabu, ambayo husifiwa kwa ustadi wake, ambamo Wilson anakataa kusema kwa nini na kwa namna gani aligeuka kimada wa Earl wa Craven akiwa na miaka 15. Watu husifu ile namna ya kukataa. Mimi kila nikiisoma hukwama kwenye ile 15. Jambo zito kuliko yote katika maisha yake limefungiwa nje mlangoni, kwa maneno mazuri, na kitabu kinaendelea na karamu.

Sasa turuke hadi karne yetu. Mwaka 2003, London hiyohiyo, alianza kuandika shajara mtandaoni mwanamke aliyejiita Belle de Jour. Ikawa kitabu mwaka 2005, na mwaka 2007 ikawa tamthilia ya televisheni. Kwa miaka sita magazeti ya Uingereza yalimsaka. Majina ya waandishi, wanaume kwa wanawake, yalitajwa hadharani kuwa ndio wenye kalamu. Na hoja iliyorudiwa ilikuwa ipi? Kwamba anaandika vizuri mno. Kwamba amesoma vitabu vingi mno. Kwamba mwanamke wa kazi ile hawezi kuwa na ulimi mkali kiasi kile.

Novemba 2009 akajitokeza mwenyewe: Dk. Brooke Magnanti, mwanasayansi, aliyekuwa akifanya utafiti wa afya mjini Bristol. Alikuwa amefanya kazi kwa wakala kwa miezi kama 14, wakati shahada yake ya uzamivu ya Sheffield ilikuwa ukingoni na fedha zimemwishia. Ada ilikuwa pauni 300 kwa saa, na wakala akichukua theluthi. Tuhuma zote zile hazikuwa uchunguzi wa maandishi. Zilikuwa dharau iliyovaa miwani. Walimpima kwa picha ya kahaba waliyokuwa nayo kichwani, na alipokosa kulingana nayo, wakasema hayupo.

Lakini nisiishie hapo, kwa sababu kosa la pili lilikuja kinyume cha lile la kwanza. Alipothibitika kuwa yupo, watu wakamgeuza kipimo cha kazi nzima. Mwanamke mmoja, msomi, mwenye Kiingereza cha kuzaliwa nacho, katika jiji la matajiri, kwa muda uliopungua miaka miwili, katika nchi ambako mtu mzima kuuza huduma hiyo peke yake si kosa la jinai. Kitabu kilikuwa cha mtu mmoja. Televisheni ikakipa taa, nguo za ndani za hariri na teksi zinazosubiri mlangoni, na umma ukaambiwa: ndivyo walivyo. Habari ya kweli ya mtu mmoja ikawa uongo kuhusu maelfu, bila ya mwandishi kubadilisha hata neno.

Kughushi kweli kweli nako kupo. Mwaka 1970 huko Marekani kilitoka kitabu kilichodaiwa kuwa maisha ya Nell Kimball, mwenye danguro, kikiwa kimehaririwa na Stephen Longstreet. Wachunguzi waliokisoma kwa makini walikuta vifungu vinavyofuata maandishi ya Herbert Asbury, mwandishi wa magazeti na wa vitabu vya historia. Cora Pearl, kimada mashuhuri wa Paris, alitoa kumbukumbu zake mwaka 1886, mwaka uleule aliofariki. Karibu karne moja baadaye zikatolewa nyingine kwa jina lake, zenye kunoga zaidi, na hizo zilikuwa kazi ya mtu mwingine wa zama hizi. Kisha kuna JT LeRoy, kijana aliyedaiwa kukua akiuza mwili kwenye vituo vya malori, ambaye mwaka 2005 na 2006 ilibainika hakuwahi kuwepo. Aliyeandika alikuwa Laura Albert, na aliyejitokeza mbele ya watu akiwa amevaa wigi na miwani alikuwa mtu wa tatu.

Nikivisoma vitabu vya kughushi baada ya vile vya kweli, naona kasoro moja inayojirudia. Havina uchovu. Kila mlango unaofunguliwa una kisa nyuma yake. Hakuna anayekuja akalipa akaondoka bila kukumbukwa. Mghushi amekaa mezani akawaza: msomaji anataka nini? Akampa hicho tu. Aliyefanya kazi yenyewe anabeba kichwani vitu ambavyo msomaji hakuviomba, na baadhi yake hupenya kwenye ukurasa hata mhariri akiwa macho.

Vitu gani hivyo? Hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo.

Sehemu kubwa ya kazi ya eskoti haifanyiki kitandani. Inafanyika kwenye simu. Anajibu ujumbe baada ya ujumbe, na wengi wa wanaoandika hawana nia ya kuja. Wanataka kuzungumza tu, au kupata maelezo ya kuwafurahisha bure. Kati ya wanaobaki, inabidi amhakiki kila mmoja: jina ni la kweli? Namba hii imewahi kulalamikiwa na wenzake? Yuko tayari kulipa sehemu ya fedha mapema? Halafu kuna rafiki anayepewa anwani na saa, aambiwe: nisipopiga baada ya muda fulani, anza kunitafuta. Halafu anajiandaa, anasafiri, anasubiri hotelini, na mteja hatokei. Siku imekwisha, nauli imelipwa, mfuko mtupu. Anayetangaza pauni 300 kwa saa haingizi 300 mara saa nane za siku ya kazi. Kuna picha za tangazo za kulipia, chumba, mavazi, vipimo vya afya, mgao wa wakala, na siku zisizo na mtu. Kitabu kikinitajia ada kisinitajie gharama, najua nimeonyeshwa bango la dukani.

Halafu ndani ya ile saa yenyewe. Watu hudhani siri ni tendo. Waliofanya kazi hii husema mara nyingi kwamba kazi nzito ilikuwa uso: kusikiliza habari za ndoa isiyo na mazungumzo, kucheka pale panapotakiwa kicheko, kukumbuka jina la mtoto wa mteja wa kudumu, kuangalia saa bila kuonekana unaangalia saa. Arlie Hochschild, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika mwaka 1983 juu ya wahudumu wa ndege na jinsi wanavyolipwa kutengeneza hisia kwa ajili ya abiria. Elizabeth Bernstein, mwanasosholojia mwenzake, mwaka 2007 akaonyesha kwamba wateja wengi wa biashara ya ngono ya siku hizi hawanunui tendo tupu. Wanataka ukaribu ulio na ukweli ndani yake, ila wenye mipaka ya saa. Hili linafanya suala la ukweli wa tawasifu kuwa gumu maradufu. Mwandishi ni mtu ambaye ujuzi wake wa kazi ulikuwa kumfanya mwingine aamini. Sisemi hivyo kumshushia hadhi. Mwigizaji na mwanadiplomasia nao wana ujuzi huo. Nasema kwamba msomaji wa tawasifu anaweza kujikuta katika kiti cha mteja: anapewa ukaribu, anapewa siri, na mlango unafungwa taratibu wakati wake ukiisha. Vitabu bora katika aina hii ni vile ambamo mwandishi anamwambia msomaji waziwazi kwamba hilo linatokea.

Grisélidis Réal wa Geneva alikuwa kahaba, mwandishi, mchoraji na mpigania haki za wenzake hadi alipofariki mwaka 2005. Aliandika riwaya na barua nyingi, lakini maandishi yake ninayoyathamini zaidi ni daftari. Humo aliweka majina ya wateja, wanachopenda, wanacholipa, na neno moja au mawili juu ya kila mmoja. Huyu mpole. Huyu ana mikono baridi. Mifano hiyo miwili ni yangu, lakini ndivyo sauti yake ilivyo: fupi, ya kazi, haimwombi mtu radhi. Lile daftari halikuandikwa ili kumsisimua yeyote wala kumhuzunisha. Liliandikwa ili mteja akija tena, Réal ajue ni nani. Ukilisoma unaona wingi wa watu wa kawaida, mmoja baada ya mwingine, na huo wingi wa watu wa kawaida ndio ambao tawasifu nyingi huukata. Hubakiza tajiri, mwendawazimu na mheshimiwa. Mteja ambaye ni mhasibu mwenye aibu, anayekuja kila baada ya wiki tatu na kuzungumzia mgongo unaomuuma, huyo hufia kwenye meza ya mhariri.

Nalisema hilo nikiwa mhariri. Shinikizo lipo na nimelisikia kwa masikio yangu katika vikao: ongezeni kisa, punguzeni habari za fedha, msomaji atachoka. Kitabu cha mwaka 1971 cha Xaviera Hollander, aliyekuwa kahaba na mwenye danguro huko New York, kilichouzwa kwa mamilioni, kilikuwa na waandishi wawili waliomsaidia, mmoja wao Robin Moore, aliyekwisha kuzoea kuuza vitabu vingi. Majina yao hayakufichwa, na kusaidiwa kuandika si dhambi. Lakini sentensi inapokuwa nyepesi na yenye kuchekesha kila mahali, ni halali kuuliza nani aliyekuwa na hamu ya wepesi huo.

Soko limezoea mikondo miwili. Mmoja ni wa raha: nilijitakia, nililipwa, nilicheka, nikaondoka. Wa pili ni wa wokovu: nilianguka, niliteswa, nikaokoka, sasa nawaonya. Mikondo yote miwili ina watu wa kweli ndani yake, na ni kosa kumtuhumu mwandishi eti kwa sababu habari yake inafanana na mkondo ambao wewe huupendi. Rachel Moran wa Ireland aliandika mwaka 2013 juu ya miaka yake saba katika biashara hiyo, aliyoingia akiwa na miaka 15, mtoto asiye na makazi. Kitabu chake kilisomwa wakati sheria zinajadiliwa, naye akasimama hadharani kutetea sheria ya kumwadhibu mteja, ambayo ilianza kutumika Ireland Kaskazini mwaka 2015 na katika Jamhuri ya Ireland mwaka 2017. Wanaotaka kazi hiyo ihalalishwe humwita mtu wa kampeni. Wanaotaka ikomeshwe huwaita wakina Magnanti matangazo ya biashara. Kila upande unataka tawasifu ya upande wa pili iwe ya uongo. Mimi nakataa mchezo huo. Mtoto wa miaka 15 asiye na pa kulala na mtafiti wa miaka 27 anayesubiri cheti chake hawakufanya kazi moja, hata kama sheria na majirani wanawaita kwa jina moja. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli tupu, na ukweli wa mmoja haumfuti mwenzake.

Kuna mwandishi aliyeikataa mikondo yote miwili, na naona hajasomwa inavyostahili nje ya nchi za Kifaransa. Nelly Arcan alikuwa mwanafunzi mjini Montreal alipofanya kazi ya eskoti. Kitabu chake cha mwaka 2001 kiliitwa riwaya, ingawa hakuficha kwamba ni maisha yake. Ukikifungua ukitafuta visa, hupati. Hakuna mteja wa kwanza, hakuna mteja wa mwisho. Kuna sentensi ndefu zinazozunguka, zinarudi palepale, zinachosha kwa makusudi: chumba, mlango, mwingine, chumba. Hakuna tukio unaloweza kulithibitisha kwa tarehe, nami nakiona kuwa cha kweli kuliko vingi vyenye tarehe na majina ya hoteli, kwa sababu umbo lake ni umbo la kazi yenyewe, yaani kurudia. Arcan alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 36, na wapo waliokisoma kifo chake kama ukurasa wa mwisho wa kitabu. Naomba tusifanye hivyo. Kitabu ni chake. Kifo cha mtu si ushahidi wetu.

Nizungumzie sheria, maana wasomaji wengi hawaioni kazi yake ndani ya maandishi. Huko Uingereza, wanawake wawili wakitumia fleti moja kwa ajili ya usalama wao, fleti hiyo inaweza kuhesabiwa kuwa danguro, na danguro ni kosa. Marekani, karibu kote isipokuwa baadhi ya kaunti za Nevada na, tangu 2023, jimbo la Maine, kuuza kwenyewe ni jinai. Sweden tangu 1999 inamwadhibu mnunuzi, na Ufaransa ikafuata mwaka 2016. New Zealand iliondoa jinai hiyo mwaka 2003. Sasa chukueni tawasifu ya nchi yoyote kati ya hizo. Mwandishi akisema alifanya kazi peke yake daima, huenda alikuwa peke yake, au huenda anamlinda mwenzake waliyegawana kodi ya nyumba. Akibadilisha jiji, umri wa mteja, rangi ya mlango, anatimiza wajibu kwa watu ambao hawakuomba kuwamo kitabuni. Siuiti huo uongo. Mtunzi wa riwaya na mlinzi wa siri hubadilisha vitu vilevile kwa sababu tofauti kabisa, na mwandishi mwaminifu hutuambia mapema, ukurasa wa kwanza au wa pili: nimebadilisha haya, sikubadilisha yale.

Philippe Lejeune, mtaalamu wa Kifaransa wa tawasifu, alieleza mwaka 1975 kwamba tawasifu husimama juu ya mapatano: jina la jaladani, jina la msimulizi na jina la mhusika ni la mtu mmoja, naye anajifunga kwa jina hilo. Eskoti mara nyingi hawezi kutia saini hiyo. Ana mama. Ana mtoto shuleni. Ana benki inayoweza kumfungia akaunti na mwenye nyumba anayeweza kumtoa. Anasaini kwa lakabu, na tayari machoni pa wengi ameshindwa mtihani wa ukweli kabla hatujasoma neno. Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu wa uhariri: pale ambapo jina haliwezi kusimama kama dhamana, tafuteni dhamana nyingine. Hesabu za fedha zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe? Anawajua wenzake kama watu, au wao ni pambo la hadithi? Kuna mahali anapokuwa mdogo, mwenye wivu, mwenye kuchoka, bila kupata faida yoyote kwa kutuambia? Mtunzi wa kughushi mara chache hujipunguzia sifa bure.

Wakati pia una mkono wake. Tawasifu huandikwa na aliyetoka. Anajua mwisho, na mwisho unaipanga safari nyuma yake, ikawa kila mteja alikuwa dalili ya kitu kinachokuja. Charlotte Shane, Mmarekani, alifanya tofauti: aliandika barua kwa wasomaji wake mtandaoni akiwa bado kazini, na baadaye zikakusanywa kuwa kitabu. Katika barua za namna hiyo mwandishi hajui kama mteja huyu mwema atakuwa tatizo mwezi ujao, au kama mapenzi aliyonayo nyumbani yatavunjika. Kwangu mimi, kutojua huko ni sehemu ya ukweli wa kazi yenyewe, na ni vigumu kitabu kinachoandikwa baada ya miaka kumi kuirudisha hali hiyo.

Mazingira nayo hubadilika haraka kuliko vitabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Ufaransa, mwandishi Virginie Despentes alipata wateja kupitia Minitel, mtandao wa laini za simu uliotumika huko kabla ya intaneti, na aliieleza miaka hiyo katika insha zake za mwaka 2006. Baadaye zikaja tovuti za matangazo, na pamoja nazo uwezo wa kumchunguza mteja kabla ya kukutana naye. Aprili 2018 serikali ya Marekani iliikamata tovuti ya Backpage, na mwezi huohuo sheria mpya ikatiwa saini iliyofanya tovuti nyingine nyingi zifunge au zihame. Walioitegemea mitandao hiyo kutangaza na kuonyana juu ya wateja wakali walipoteza vyote kwa pamoja. Mtu anayesoma leo kitabu cha mwaka 2005 ili aelewe kazi hii, anasoma habari za mji uliokwisha kubomolewa.

Upande wa mteja umeandikwa mara chache zaidi. Chester Brown, mchoraji wa Kanada, alitoa mwaka 2011 kitabu cha katuni kinachosimulia miaka yake ya kulipia ngono mjini Toronto. Wanawake wote nyuso zao zimefichwa, na alieleza kwamba alibadilisha mambo ili wasitambulike. Naheshimu uangalifu huo. Lakini matokeo yake ni kwamba tunamwona yeye mzima, na mawazo yake, na hesabu za fedha zake (ndiyo, ameziweka), ilhali wao ni migongo na nywele. Someni kitabu hicho sambamba na cha mwanamke yeyote kati ya niliowataja, muone ni mambo mangapi ambayo mtu mmoja chumbani anayaona na mwingine hana habari nayo.

Na wanaume waliouza? Wapo. Rick Whitaker aliandika mwaka 1999, David Henry Sterry mwaka 2002, wote Marekani. Vitabu vyao havijapata hata sehemu ndogo ya kelele zilizopata vitabu vya wanawake, na nadhani ni kwa sababu umma haujaamua bado uwahurumie au uwatamani, na bila uamuzi huo soko halijui liweke picha gani jaladani. Wahamiaji wasio na karatasi wako kimya zaidi. Yule ambaye lugha ya nchi anayofanyia kazi ni ya tatu kwake, ambaye kutaja jina la wakala ni kujifukuzisha nchini, ambaye bado yumo kazini na hana miezi sita ya kukaa bila kipato ili aandike, huyo hana tawasifu. Tukipima ukweli wa rafu nzima ya vitabu, siyo kitabu kimoja kimoja, hapo ndipo rafu inapodanganya. Imejaa waliosoma, walio na lugha kubwa, waliotoka salama vya kutosha kusimulia.

Sidai kwamba dawa ni kuacha kuvisoma. Dawa ni kuvisoma vingi, vya pande zote, na kuvisoma kwa maswali ya mtu anayeijua kazi: nani alichukua mgao, ulisubiri saa ngapi, nani alijua ulipo, ulipougua ulikula nini. Ni maswali ambayo tungemwuliza dereva wa lori au muuguzi wa zamu ya usiku akituandikia maisha yake, na tungemshangaa asipoyajibu.

Kwa waandishi mliomo humu ambao mmeifanya kazi hii, na najua katika mkusanyiko wowote wa ukubwa huu huenda mmo, hamna deni kwa mtu yeyote la kusema kila kitu. Semeni tu mahali mlipoufunga mlango, ili msomaji asidhani pale ni ukuta.

Na wahariri, tuanzie kwenye mkataba. Mwandishi apewe kauli ya mwisho juu ya jalada, maana miguu mirefu na viatu vyekundu vimeharibu vitabu vingi vya kweli kabla havijafunguliwa. Apewe mwanasheria wa kumsomea mswada kwa gharama yetu, siyo yake. Na akituletea sura nzima ya jioni moja aliyokaa amevaa, amejipodoa, simu mkononi, wala hakuna aliyepiga, tusiikate.